Juma la Kwanza la Masomo Nyumbani: Maswali ya Wasomaji

Barua nne zilizofika kwa ajili ya ukurasa huu zinahusu jambo moja, nalo ni kuwasomesha watoto wadogo nyumbani. Ya kwanza ndiyo ndefu na ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa hiyo nimeipa nafasi kubwa.

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu: wa kike wa miaka minne, na wa kiume wawili wa miaka sita na minane. Mimi na baba yao tumeamua kuwasomesha nyumbani, na juma lililopita ndilo lililokuwa la kwanza. Niliandaa ratiba yenye vipindi saba kwa siku, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, nikaibandika ukutani. Jumatatu tuliifuata yote. Jumanne yule wa miaka sita alilia katika kipindi cha tatu, na dada yake akachora juu ya daftari la kaka yao mkubwa. Jumatano nilipandisha sauti hadi mwenyewe nikashtuka. Alhamisi niligundua kwamba huyo wa miaka sita, niliyedhani anasoma kitabu chake vizuri, amekikariri tu, kwa maana nilipofunika picha hakuweza kusoma hata neno moja. Ijumaa hatukufungua daftari. Tulikunja nguo na kuosha vyombo. Je, saa ngapi za masomo zinatosha kwa siku? Na je, niendelee au niwarudishe shule?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nianze na saa, kwa kuwa ndizo zilizoliharibu juma lako. Vipindi saba ni ratiba ya shule, na shule ina sababu zake za kuwa na siku ndefu. Mwalimu mwenye wanafunzi 40 huita majina, hugawa madaftari, humsubiri wa mwisho amalize kunakili ubaoni, hunyamazisha pembe moja ya darasa huku akieleza jambo katika pembe nyingine, kisha husahihisha kazi 40 kabla ya kujua ni nani aliyeelewa na ni nani aliyenakili kwa jirani. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na naijua inavyokula muda. Wewe una watoto watatu tu, na kosa la mtoto unaliona papo hapo, penseli ikiwa bado mkononi mwake. Kwa hiyo, kwa mtoto wa miaka sita, saa moja hadi saa moja na nusu ya kazi ya kukaa inatosha kwa siku nzima, ikigawanywa katika vipindi vya dakika 15 au 20. Yule wa miaka minane anaweza kufikia saa mbili, au mbili na nusu akiwa ameizoea kazi. Wa miaka minne asipewe kipindi cha kukaa kinachozidi dakika 10. Hesabu hizi ni zangu, nimezipata kwa kuwatazama watoto, na siku ambayo mtoto ameamka vibaya hupungua.

Ibandue ratiba ile, na mahali pake uweke mfuatano. Mtoto mdogo hajaijua saa. Anachokijua ni kinachotangulia na kinachofuata. Anzeni kwa kusoma, ije hesabu, watoke nje wakimbie, warudi kuandika, na mwisho uwasomee wote hadithi kwa sauti. Mfuatano huo ukibaki uleule kila siku, katika juma la pili utaona yule wa miaka sita anachukua kadi zake mwenyewe kabla hujamwita, kwa sababu anajua kwamba baada ya kadi kuna hesabu, na baada ya hesabu kuna mlango wa nje.

Sasa tumtazame binti yako aliyechora kwenye daftari. Alitaka kuwa na daftari, naye hakupewa. Mpe la kwake, hata likiwa la karatasi chache zilizoshonwa kwa uzi, na somo lake liwe la kwanza kila siku, kabla ya kaka zake, wewe ukiwa umekaa naye peke yake kwa zile dakika 10. Mtoto aliyekwisha kushiba mama yake asubuhi huweza kukaa na kazi ya mikono kwa muda unaoshangaza. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma tarehe 6 Januari 1907, aliliona jambo hilo kwa watoto wadogo wa wafanyakazi maskini: walipopewa kazi halisi yenye mwanzo na mwisho, kama vile kufunga vifungo, kumimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine na kupanga vitu kwa ukubwa, waliirudia mara nyingi na kuacha vitu vya kuchezea vikilala. Huhitaji kununua chochote. Mwekee kokoto na vikombe viwili, na umwombe atenganishe ndogo na kubwa.

Ukiwa na dakika moja ya ziada, fanya naye jaribio ambalo mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alilifanya kwa watoto wengi. Panga kokoto sita katika mstari, na chini yake kokoto nyingine sita zikielekeana moja kwa moja. Muulize kama mistari miwili ni sawa, atakubali. Kisha, mbele ya macho yake, tawanya mstari wa chini uwe mrefu, na umuulize tena. Kuna uwezekano mkubwa akuambie kwamba wa chini sasa una kokoto nyingi zaidi. Usimsahihishe, wala usimcheke. Nakushauri uone jambo hilo kwa macho yako mwenyewe ili uelewe kwamba mtoto anayeweza kuimba moja hadi kumi hajawa bado na hesabu kichwani, na kwamba kumharakisha aandike majumlisho akiwa na miaka minne ni kumwandikisha alama asizozielewa.

Nije kwenye Alhamisi, ambayo kwangu ndiyo siku bora ya juma lako. Umegundua katika juma la kwanza jambo ambalo wazazi wengine hulijua baada ya miaka miwili. Mwanao kukariri kitabu si udanganyifu. Amekipenda, amekisikiliza, na ameelewa kwamba maneno yale hayabadiliki. Kilichobaki ni kumfundisha kuyafungua maneno yenyewe, na hapo lugha yetu inatusaidia sana, kwa kuwa Kiswahili huandikwa karibu sawasawa na kinavyotamkwa. Irabu ni tano tu, na kila moja ina sauti yake isiyogeukageuka.

Kata kadi nne za karatasi ngumu, kila moja ukubwa wa kiganja cha mtoto, na uandike juu yake ka, ta, ma na li. Siku ya kwanza azitaje tu moja moja, hadi azitaje bila kusita hata ukizichanganya. Kisha sogeza mbili zikae pamoja, ka na ta, na unyamaze. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kazi nyingine yote, kwa sababu midomo ya mzazi inawasha. Atasema «ka», atasema «ta», atarudia upesi zaidi, na ghafla utaona macho yake yakiinuka: «Kata!» Geuza kadi, ipatikane taka. Kwa kadi hizohizo nne atasoma kama, mali, kali na lima, na siku atakapozipanga tatu na kusoma kamata bila msaada, atataka kumsomea kila anayepita mlangoni. Hakuna picha ya kumsaidia kubahatisha wala sentensi aliyoisikia jana. Baada ya hapo ongeza silabi mbili kwa juma, tatu zikizidi sana. Acha za mwisho kabisa zile zenye mitego: m inayosimama peke yake katika mtu na mti, ambayo watoto wengi huisoma «mu», pamoja na ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, ambazo zinatenganishwa na alama ndogo tu juu ya mstari.

Utaniuliza kwa nini nasema silabi chache hivyo kwa juma zima. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, mtafiti wa Ujerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hutupotea mapema sana, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushika vizuri zaidi kuliko marudio yaleyale yakirundikwa siku moja. Basi usilifanye juma kuwa masomo matano mapya. Jumatatu leta silabi mpya, Jumanne zirudieni, Jumatano zichanganye na za juma lililopita, na Alhamisi mpe imla ya maneno matano aliyoyasoma tayari. Ijumaa msilete jambo jipya kabisa. Nilipokuwa nikiwasomesha wanangu nilikosea hapo kwa muda mrefu: kila siku nilileta kitu kipya kwa sababu niliogopa kuchelewa, na kila Jumatatu nilikuta kapu tupu.

Umetaja sauti yako ya Jumatano, na nimeona jinsi ulivyoiandika kwa huzuni. Weka sheria moja juu yako mwenyewe: sauti yako ikianza kupanda, somo limekwisha, hata kama limebaki neno moja. Funga daftari kwa upole, useme, «Tumechoka, tutaendelea kesho,» na mtoke nje. Ikiwa umekwisha kupiga kelele, mwombe mtoto radhi kwa maneno yanayoeleweka. Mtoto anayemwogopa mwalimu wake shuleni hurudi nyumbani jioni kwa mama. Anayemwogopa mwalimu wake nyumbani hana pa kurudi, na hilo ndilo jambo la pekee katika masomo ya nyumbani linalonitia hofu kwelikweli.

Kuhusu Ijumaa, sitakuambia kwamba kuosha vyombo ni somo la sayansi, ili tu nikufariji. Mlipumzika, na mlihitaji kupumzika. Hata hivyo binti yako alipozitafuta soksi mbili zinazofanana katika rundo la nguo, hilo lilikuwa zoezi zuri kwa umri wake.

Niendelee au niwarudishe, unauliza. Juma moja halitoshi kuamua lolote, hasa juma lililobeba vipindi 35. Jaribu majuma sita kwa mpango huu mwepesi. Kila Ijumaa mwambie kila mtoto aandike au achore kitu kimoja kwenye karatasi, uandike tarehe juu yake na uihifadhi bila kusahihisha. Mwisho wa majuma sita zitandaze karatasi zote sakafuni kwa mpangilio wa tarehe, wewe na baba yao mkizitazama pamoja. Ikiwa ya sita haitofautiani na ya kwanza, na nyumba imejaa machozi, warudishe shule bila kuona aibu, kwani utakuwa umewatendea haki.

Swali

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni baba, na kwa kuwa mchana niko kazini, namsomesha mwanangu wa miaka saba jioni na siku za mwisho wa juma. Yapo mambo mawili yanayonitisha. Nikimtajia kumi na tatu aandike, huandika 103. Na akisoma, huchanganya baba na dada. Je, ana tatizo la akili? Mwenzangu mmoja amenishauri nimpige kidogo ili awe makini.

Jibu

Nzuri, baba. Tuanze na ushauri wa mwenzako: usiufuate. Makosa yote mawili uliyoyataja hayatokani na uzembe, na fimbo haitamwonyesha njia asiyoijua.

Tazama alivyofikiri alipoandika 103. Alisikia «kumi», akaandika 10. Akasikia «tatu», akaandika 3. Amekuandikia kwa uaminifu kile masikio yake yalichopokea. Kasoro yake ni kwamba hajajua kuwa sifuri ya kumi ni mahali palipoachwa wazi. Chukua kipande cha karatasi uandike 10, na kipande kingine chenye nusu ya upana wake uandike 3. Laza 3 juu ya sifuri, mwanao akitazama, isomeke 13. Iinue tena, sifuri ionekane imejificha chini yake. Mpe afanye mwenyewe kwa 14, 15 na 16. Nimewaona watoto wakiinua kile kikaratasi mara kumi mfululizo ili kuhakikisha kwamba sifuri bado ipo.

Kwa kweli lugha yetu imempa zawadi hapo, kwa sababu kumi na tatu inajieleza yenyewe: kumi moja, na tatu juu yake. Ugumu utakuja mbele kidogo, na ni vyema ujiandae. Ishirini, thelathini, arobaini na hamsini ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, na hakuna kitu ndani ya «ishirini» kinachomwonyesha mtoto mbili, wala ndani ya «thelathini» kinachomwonyesha tatu. Uhusiano huanza kuonekana tena katika sita na sitini, saba na sabini, tisa na tisini. Kwa hiyo okoteni vijiti, mfunge mafungu ya vijiti kumi kumi kwa uzi, na kwa juma zima kila anaposema ishirini ashike mafungu mawili na kutamka «makumi mawili». Usimwondolee vijiti hadi atakapoviacha mwenyewe.

Ama baba na dada, b na d ni umbo moja lililogeuzwa, na kijiko kikigeuzwa kinabaki kijiko; mtoto hajapata kukutana na kitu kinachobadilika jina kwa kutazama upande mwingine. Kuzichanganya katika miaka ya kwanza ya kusoma ni jambo la kawaida. Bahati mbaya ni kwamba maneno hayo mawili ni miongoni mwa ya kwanza tunayowafundisha, mara nyingi katika ukurasa mmoja. Yatenganishe. Juma hili iwe b peke yake: kata umbo lake kwenye karatasi ya msasa, alipitie kwa kidole huku akisema «fimbo, kisha tumbo», na asome baba, bata, bibi na babu. Usiilete d hadi b iwe imetulia. Itakapoingia, aseme «tumbo, kisha fimbo». Akifika miaka minane au tisa na bado maneno yanamchanganya sana, ilhali amefundishwa kwa utulivu, ndipo umtafute mtaalamu, na macho na masikio yake yapimwe kwanza.

Swali

Mwanangu Mwalimu, mimi ni bibi. Wajukuu wangu wa miaka mitatu na minne hushinda kwangu, na mama yao ameniachia simu yenye programu za kuwafundisha herufi. Wanatulia sana wakiwa nayo, nami napata kupumua. Je, hayo ni masomo?

Jibu

Shikamoo bibi. Ni masomo kidogo, na utulivu mwingi usio wa kujifunza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano, na kwa umri wa wajukuu wako lilishauri muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja kwa siku, tena ukipungua ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa miaka mitatu au minne awe katika mwendo kwa jumla ya dakika zisizopungua 180 kwa siku na alale saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Simu inakula muda wa hayo mawili.

Usiinyime nafsi yako pumziko. Wape simu kwa nusu saa, wakati uleule kila siku, wewe ukiwa umeegemea karibu yao, na ukiulizwa «hii ni nini?» ujibu. Lakini saa unayoweza kuzungumza, bibi, wasimulie hadithi unazozijua kwa moyo, uwaulize mnyama yule alifanya nini baadaye, na uwaache wamalizie wao. Programu haiwezi kumwuliza mjukuu wako jambo ambalo yeye peke yake amelifikiria, nawe unaweza.

Swali

Naomba kujua kama sheria inaruhusu kumsomesha mtoto nyumbani. Kila ninayemuuliza ananipa jibu tofauti.

Jibu

Wanakupa majibu tofauti kwa sababu kila nchi ina yake. Nchini Marekani masomo ya nyumbani yanaruhusiwa na sheria katika majimbo yote 50 tangu mwaka 1993, ingawa masharti ya kila jimbo ni mbalimbali. Sheria ya Elimu ya mwaka 1996 nchini Uingereza inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, shuleni au kwa njia nyingine. Ufaransa, ambako zamani mzazi alitoa taarifa tu, iligeuza taarifa hiyo kuwa kibali cha kuombwa kuanzia Septemba 2022. Ujerumani humlazimu mtoto aende shule, isipokuwa kwa sababu chache mno. Usitegemee jirani wala ndugu aliye nchi nyingine. Nenda mwenyewe katika ofisi ya elimu ya mahali unapoishi, kabla hujamwondoa mtoto shuleni, na uombe jibu la maandishi. Uliza pia mtoto atakayetaka kurudi shule atapokelewaje, atapimwa kwa mtihani gani na ataingia darasa lipi. Na zile karatasi za Ijumaa nilizomwambia mama wa barua ya kwanza azitunze, zitunze na wewe, kila moja na tarehe yake, kwa kuwa afisa atakayekuja kukagua atataka kuona kazi ya mtoto mwenyewe kabla ya kusikiliza maelezo yako.